Bunduki Niliyoweza Kuilisha

Mke wangu husema kila mwanaume wa Nairobi akishavuka miaka arobaini hupatwa na moja kati ya mambo matatu: shamba la matikiti Kajiado, baiskeli ya bei ya pikipiki, au siasa za mashinani. Mimi nilipatwa na bunduki. Nauza spea za magari Barabara ya Kirinyaga, na mchana biashara ikilala nilikuwa nikitazama kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyobadilisha vifaa vya bunduki ya AR-15 kama sisi tunavyobadilisha rimu za Probox. Leo mtutu, kesho kitako, keshokutwa darubini na tochi. Kwa mtu aliyekulia kati ya nati na boliti, kishawishi kilikuwa kikubwa. Nikajiambia nitatenga laki tatu, ninunue moja tu inayojipakia yenyewe, inayofaa kwa kila kitu, na nisinunue nyingine maishani.

Sikujiuliza "kila kitu" ni nini.

Mhandisi wa kampuni ya Kimarekani ya ArmaLite, Eugene Stoner, aliichora AR-15 mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 haki zake zikauzwa kwa kampuni ya Colt. Tangu hapo imekuwa na maisha marefu huko kwao: mmoja anaipeleka porini kuwinda nguruwe mwitu, mwingine mashindanoni, wa tatu anaiweka nyumbani kwa ulinzi. Wakisema inafaa kwa shughuli nyingi wanamaanisha hayo. Sasa ilete Nairobi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza. Bunduki za kivita za kujipakia za milimita 5.56 na 7.62 zimetajwa kwenye Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kuwa ni marufuku kwa raia. Kwa hiyo ile "moja tu" niliyokuwa nikiiota mchana kutwa nyuma ya kaunta, na pia mengi ya yale niliyokuwa nikiota kuifanyia, kwetu ni njia ya moja kwa moja ya kwenda rumande. Nilisoma kifungu hicho nikiwa nimeketi juu ya gia boksi ya Isuzu, nikaona haya peke yangu.

Kuna watu ninaowafahamu walioingia kwenye silaha baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013. Hao walitaka bastola ya kujilinda, na hoja yao naielewa. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kwenye lile jengo kuokoa watu walikuwemo raia wenye leseni na bastola zao. Mimi sikuwa na hoja hiyo. Nikijikagua kwa uaminifu, nilichopenda ni chuma kilichotengenezwa vizuri, na ule utulivu wa mtu anayeshusha pumzi kabla ya kufyatua. Kwa maneno mengine nilikuwa natafuta mchezo, nami nilikuwa sijakiri.

Mteja wangu mmoja wa muda mrefu, mwenye Land Cruiser nzee isiyoisha shida, ndiye aliyenipeleka Kirigiti, kule Kiambu, kwenye uwanja wa shabaha. Nilienda kama mgeni wa kutazama. Nilitarajia wanaume wa miraba minne. Nikakuta mhasibu, daktari wa meno, mama mmoja mwenye saluni aliyekuwa akiwashinda wote, na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameketi kwenye kiti cha kukunja, chai ya flaski mkononi. Nilipomwambia nataka bunduki ya kujipakia ya kuanzia, yenye uwezo mwingi na bei ya chini, hakunitajia aina wala modeli.

"Kijana," akaniuliza (kijana mwenye mvi kidevuni), "kwa mwezi unataka kufyatua risasi ngapi?"

Nikasema labda mia mbili.

"Na utazilipa kwa nini?"

Akachukua kipande cha kadi ya shabaha, akageuza nyuma, akaanza hesabu. Hesabu zake sitazirudia, maana bei za risasi Kenya hupanda kama za unga, lakini umbo lake lilikuwa hivi: risasi moja ya .308, ile ya bunduki kubwa, ingeninunulia risasi kadhaa za .22, zile ndogo. Mwaka wa kufyatua mia mbili kwa mwezi ni risasi 2,400. Kwa bunduki kubwa, laki zangu tatu zingekwisha kabla sijajua hata kushika kitako. Kwa .22 ningepata bunduki, vifaa na miaka ya mazoezi. "Bunduki hula," akasema mzee, "na inayokufa njaa kabatini haimfundishi mtu."

Mtu wa spea anaielewa lugha hiyo haraka. Nimeona wangapi wakinunua gari la injini kubwa kwa mkopo, kisha linakaa limefunikwa turubai kwa kukosa petroli?

Risasi ya .22 Long Rifle ina umri mkubwa kuliko Nairobi yenyewe. Ilitoka mwaka 1887, wakati hapa palikuwa bwawa la maji baridi na ng'ombe wa Wamaasai. Kichwa chake ni gramu 2.6 hivi za madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta. Teke lake begani halizidi la mtoto anayekusukuma akitaka soda. Lakini isikudanganye kwa udogo, kwani ikipaa hewani inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na huko mbele daima kuna mama wa mtu. Ndiyo maana hufyatuliwa uwanjani penye tuta la udongo nyuma ya shabaha, si kwenye shamba la mjomba.

Mzee mwenyewe alikuwa na Ruger 10/22, modeli iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 na ambayo bado inatengenezwa. Kumi ni idadi ya risasi kwenye magazini yake ya mzunguko, ambayo imejificha ndani ya kitako bila kuchomoza chini kama ndizi. Hutumia nguvu ya risasi yenyewe kusukuma nyuma boliti, kile kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya risasi. Hakuna pistoni, hakuna mrija wa gesi. Mtutu umeshikwa na kipande cha chuma chenye umbo la V na skrubu mbili. Nilipoifungua mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Kabureta ya Peugeot 504 ina vipande vingi zaidi.

Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na wanawe wako ng'ambo. Alikuwa tayari kuiuza, lakini kwa njia iliyonyooka: kupitia kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, karatasi kwa karatasi, na kwa mtu ambaye bodi imemkubali. Kwanza nikubalike.

Hatua ya karatasi nitaipitisha haraka kwa sababu ni ya kuchosha, lakini ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Cheti cha maadili mema, alama za vidole, shilingi 1,050. Barua ya klabu. Wadhamini. Daktari aliyeniuliza kuhusu usingizi, pombe na hasira, na kama nimewahi kutaka kujidhuru. Mahojiano ambapo afisa aliniuliza swali moja mara tatu kwa maneno tofauti: ya nini? Nilijibu mara tatu kwa maneno yale yale: shabaha. Tangu serikali ilipoamuru mwishoni mwa 2018 wenye silaha wote wapigwe msasa upya, Bodi ya Leseni za Silaha haichezi. Na sawa. Nilingoja miezi hadi nikaacha kuulizia.

Mama watoto naye alikuwa na bodi yake. Alinikalisha jikoni.

"Baba Shiru, hiyo kitu ikiingia hapa, mimi ndiye nitakayeandika daftari. Risasi ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, ngapi zimebaki. Siku hesabu ikikataa, inarudi ilikotoka."

Nilikubali upesi, nikidhani atachoka baada ya mwezi. Mke wangu amekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kwa miaka kumi na mmoja. Ningepaswa kujua.

Ruhusa ilipotoka nilikwenda kuikagua bunduki kama ninavyokagua injini ya mtumba kutoka Mombasa. Watu hutazama rangi ya kitako na mikwaruzo. Mikwaruzo ni sawa na bodi ya gari, hailipeleki gari popote. Mimi nilianza na mdomo wa mtutu, pale risasi inapotokea. Ukingo ule ndio unaoiaga risasi. Ukiwa na pengo hata dogo, gesi hutoka upande mmoja kabla ya mwingine na risasi huondoka ikiyumba. Nilichukua tochi na kioo cha kukuzia. Ulikuwa safi, na mzee akaniambia kwa nini. Bunduki hii haifunguki nyuma ya boliti, hivyo wengi huisafisha kwa kuingiza fimbo ya chuma kutoka mbele, na ile fimbo inasugua ukingo mwaka baada ya mwaka. Yeye alitumia kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hadi mbele. "Nyingi za .22 zimeuawa na usafi," akasema, "si na risasi." Kisha nikakagua chemba kama ina alama za msumari wa kufyatulia, nikavuta boliti nikisikiliza kama springi inakwaruza, nikatazama midomo ya magazini zote tatu, nikahakikisha kifungio cha usalama kinazuia triga kweli. Mwisho nikaomba kufyatua risasi hamsini kabla ya kulipa. Anayekataa hilo ana jambo analolijua.

Bunduki na gharama za muuzaji zilikula chini ya nusu ya laki tatu. Hapo ndipo nilipofikiri kwamba nimeshafika, kumbe bado.

Kitu cha kwanza kilikuwa sefu. Chuma kizito, kimefungwa ukutani kwa boliti nne za zege. Niliweka funguo zangu mwenyewe, na kisanduku kingine chenye kufuli mbali kwa ajili ya risasi. Watoto watatu wako nyumbani, na mtoto wa jirani anayeingia bila kubisha hodi. Sefu ilinigharimu kuliko nilivyotaka, na hakuna mtu aliyewahi kuisifu. Baada ya hapo, kinga za masikio za kufunika na miwani ya kinga. Watu husema .22 haina kelele. Mzee aliyekuwa akinisemesha kwa kupaza sauti kila Jumamosi alikuwa ushahidi tosha kwamba masikio hayarudi.

Halafu nikaharibu. Kilichobaki kwenye bajeti nilitaka kukiweka kwenye darubini, na nikapita kwenye duka fulani la mjini ambako kijana alinionyesha moja ya kukuza mara tatu hadi tisa, inang'aa, ina taa nyekundu na kijani ndani, kwa bei ya kutupa. Mimi, ninayewaonya wateja kuhusu brekipadi za bei ya karanga! Wazee walisema rahisi inavunja upishi. Niliifunga kwa mikono yangu. Siku ya kwanza kundi la risasi lilikuwa kulia, siku ya pili kushoto, siku ya tatu nikaanza kumlaumu mzee kimoyomoyo kwamba ameniuzia mtutu uliochoka. Nilikaza skrubu zote. Nilibadilisha risasi. Nilishusha pumzi kwa namna saba tofauti.

Mzee alikuja, akaiweka bunduki juu ya mfuko bila kuigusa tena, akanituma nichungulie huku nikisogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Msalaba ndani ya darubini ukatembea juu ya shabaha kama inzi. Darubini nyingi za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani ili msalaba na shabaha vikutane kwenye yadi 100 hivi. Za .22 hurekebishwa kwenye yadi 50, kama mita 45, kwa sababu ndipo kazi yake ilipo. Ile yangu ilikuwa ya umbali usiojulikana. Kila nilipoweka shavu mahali tofauti kidogo nilikuwa nalenga mahali tofauti. Juu ya hayo vitasa vyake vya kurekebishia shabaha vilikuwa vya kubahatisha: unazungusha tiki kumi, inasogea nne, kisha risasi ya tatu inakumbuka sita zilizobaki.

Niliitoa. Kwa miezi minne nilifyatua kwa vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki, bila darubini yoyote, na sasa naona ile adhabu ilikuwa shule. Kilengeo cha chuma hakikufichi. Ukivuta triga kwa pupa, unaona kabisa kile kijiti cha mbele cha kilengeo kikichupa. Nilipopata fedha tena nilinunua darubini nyingine, ya kawaida, isiyo na taa, iliyotengenezwa mahususi kwa .22, pamoja na pete imara za kuishikia. Kila tiki husogeza robo ya ile pembe ndogo inayopata sentimita 2.9 hivi kwa mita 100, ambayo kwa mita 50 ni karibu milimita 3.6. Risasi zangu zilikuwa chini kwa sentimita nne. Nikazungusha tiki kumi na moja juu. Kundi lililofuata likakaa juu ya duara jeusi kama nzi kwenye embe. Nilizungusha kofia za vitasa, nikazifunika, na sijazifungua tangu siku hiyo.

Vitu viwili vilivyonisaidia zaidi havikuwa na bei ya kutaja. Kimoja ni mkanda wa ngozi wa kubebea, ambao mama wa saluni alinifundisha kuuzungusha juu ya kiwiko hadi ukaze. Bunduki ikatulia kana kwamba imepigiliwa misumari. Kingine ni mguu wa suruali ya jinzi niliyoinunua Gikomba. Nilimpelekea fundi cherehani, akashona mwisho mmoja, nikaujaza mchanga, akashona wa pili. Kwenye simu wanauza mifuko ya kuegemezea bunduki kwa bei ya tairi. Wangu ni wa Levi's.

Triga nayo nilitaka kuibadilisha. Ya kiwandani ni nzito, inakokota kama klachi ya matatu ya zamani. Mzee akasema piga elfu moja kwanza, ndipo uniambie kama ni triga au ni kidole. Tena hapa si Marekani ambako mtu anajifungulia bunduki mezani na kuweka anachotaka; kugusa mifupa ya silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni. Nilipofika elfu moja nilikuwa nimesahau kwamba ni nzito.

Mazoezi mengi ya kidole niliyafanya nyumbani, bure. Usiku watoto wakilala, risasi zote zikiwa chumba kingine zimefungwa, nilikuwa nakagua chemba mara mbili kwa jicho na kwa kidole, kisha nalenga doa ukutani na kufyatua tupu dakika ishirini. Kwa bunduki nyingi za .22 jambo hili halifai, maana msumari hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Watengenezaji wa hii wanasema haina shida. Uliza ya kwako kabla hujaanza.

Risasi nazo zilinifundisha adabu. Nilidhani zote ni sawa mradi zimeandikwa .22, nikanunua za bei ya chini kabisa zinazokwenda polepole na kwa utulivu. Kila magazini ikakwama mara mbili au tatu, ganda limesimama wima mlangoni mwa boliti kama bomba la moshi. Bunduki ya kujipakia hula nguvu ya risasi ili ijigeuze. Ukiipa uji haina nguvu ya kusukuma boliti hadi mwisho. Bunduki ya boliti ya mkono isingejali. Nilijaribu aina nne, hamsini hamsini, nikiandika pembeni ya kila kadi. Zilizoshinda hazikuwa zile za kasi zaidi. Zile za kasi hupita mwendo wa sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, kisha hushuka chini yake njiani, na katika kushuka huko hutikisika. Za wastani, zinazotoka chini kidogo ya mwendo wa sauti lakini zenye nguvu ya kutosha kuigeuza boliti yangu, ziliniwekea kundi dogo zaidi. Siku hizi nanunua hizo tu, nyingi kwa pamoja, zenye namba ile ile ya kiwanda, kadiri leseni inavyoniruhusu.

Sasa niseme la aibu.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tano tangu nianze, ule muda ambao mtu anajiona amejua. Msimamizi wa uwanja alitangaza kuacha kufyatua ili watu waende kubadilisha kadi. Nilichomoa magazini, nikaiweka mezani, nikanyanyuka. Nilikuwa nimehesabu kumi kichwani. Boliti ilikuwa imefunga, na nikaona sawa, kwa sababu boliti ya bunduki hii haibaki wazi risasi zikiisha, tofauti na nyingi za kujipakia. Ikimaliza ya mwisho inajifunga tu, kimya, kama haina habari. Ukiitazama huwezi kujua kama imeshiba au ina njaa.

Msimamizi alikuja, hakusema neno. Alishika mkono wa boliti, akauvuta. Risasi nzima, ya shaba, iliruka ikaangukia saruji na kulia kama sarafu. Ilibiringika hadi kwenye kiatu cha daktari wa meno, ambaye alikuwa tayari ameweka mguu mmoja mbele ya mstari.

Risasi moja ilikwama ikanifanya nihesabu vibaya, basi. Magazini ilikuwa mezani mbele ya macho yangu, tupu, na bunduki ilikuwa imejaa. Kwenye bunduki ya kujipakia kutoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha kuingia chemba. Inayofuata huwa imeshapanda yenyewe wakati wewe bado unasikia mlio wa iliyotangulia. Nilikuwa nimesoma hilo. Nilikuwa nimemwambia mtu mwingine hilo, wiki iliyopita, kwa sauti ya mwalimu.

Nilitolewa uwanjani siku hiyo, na kwa wiki nne niliruhusiwa kuja kutazama tu. Nilikwenda zote nne. Daktari wa meno alinisalimia kama kawaida, jambo lililoniumiza zaidi. Mzee alinipa kipande cha plastiki cha rangi ya machungwa, kibendera cha kuingiza ndani ya chemba ili boliti isifunge na kila mtu aone kwa mbali kwamba pako tupu. Kinagharimu chini ya sahani ya chipsi. Katika orodha yangu yote ya vifaa, na nilikuwa na orodha ndefu yenye darubini mbili na triga, hakikuwemo. Sasa mpangilio wangu haubadiliki: magazini, boliti, jicho, kidole, kibendera. Hata nikiwa peke yangu. Hata kama nimeifanya dakika moja iliyopita.

Kizuizi cha polisi kwenye Barabara ya Kiambu kimenisimamisha mara tatu. Nazima gari, mikono juu ya usukani, nasema, "Habari ya kazi, afande. Nina bunduki ya michezo buti, imefungwa, risasi ziko kisanduku tofauti, leseni iko mfukoni. Nitoe?" Mara zote tatu tuliachana vizuri. Mmoja aliniuliza kama ile kitu inaweza kuua hata njiwa, akacheka mwenyewe.

Bado huwa natazama zile AR za Wamarekani kwenye simu. Sitasema zimenitoka moyoni. Lakini nimefyatua zaidi ya risasi elfu tano kwa ile Ruger, kwa miaka miwili na kidogo, na katika laki tatu zile bado kuna kitu kilichobaki kabla mama Shiru hajakiona na kukipeleka karo.

Daftari lake limefika kurasa arobaini. Tarehe, zilizotoka sefuni, zilizofyatuliwa, zilizorudi, sahihi yangu, sahihi yake. Mwezi wa Agosti uliopita hesabu ilikataa. Nilitoka na mia, nikasema nimefyatua themanini, nikarudisha kumi na tisa. Aliziweka mezani kwa mistari ya tano tano, akazihesabu, akanitazama.

"Baba Shiru. Moja."

Nilisema labda ilikwama nikaitupa kwenye ndoo ya mbovu uwanjani. Hakuandika. Tulipekua mfuko, mifuko ya koti, buti la gari, chini ya viti. Saa nne usiku nilikuwa nimepiga magoti kwenye maegesho na tochi ya simu mdomoni, mlinzi wa ploti akiniuliza kama nimepoteza pete. Mke wangu ndiye aliyeiona. Ilikuwa imepenya mshono wa ule mguu wa jinzi, nusu imezama mchangani, kitako cha shaba kikichungulia. Akaichomoa kwa kucha mbili, akaifuta kwa kanga, akapanda ngazi bila kunisubiri. Nilipofika juu alikuwa ameshaandika 20, na kalamu imewekwa juu ya mstari wangu, inangoja sahihi.